Mbwa Aliyemtoa Mama Nyumbani

Baba yangu,

Nina habari ambayo nimeshindwa kuinyamazia, na wa kwanza niliyetamani kumpigia simu ni wewe. Kwa kuwa simu haifiki huko, nakuandikia. Baba, tuna mbwa.

Najua ungesema nini. Kwako mbwa alikuwa askari wa boma, wa kulala nje. Nilipokuwa darasa la tatu nilificha mtoto wa mbwa wa jirani chini ya kitanda changu. Ulimrudisha kwa wenyewe, ukaniambia, "Mbwa si mtu." Lakini jioni hiyo nilikuona kupitia dirisha, ukimmegea ugali penye ua wa jirani. Hukujua nilikuona.

Tangu tukuzike, Mama alikuwa hatoki nje ya geti. Wanawake wa kanisani walikuja, akaagiza waambiwe amelala. Shamba la nyuma liliota magugu. Tulihamia kwake hapa Yamumbi, mimi, Kiprono na binti yetu Chebet, tukidhani kelele za mtoto zitamchangamsha. Alitujibu neno moja moja. Nilianza kuogopa tutazika wawili mwaka mmoja.

Chebet ndiye aliyeomba mbwa. Aliomba mpaka baba yake akachoka. Jumamosi moja mwezi uliopita tukaenda mtaa wa Huruma, kwa mama mmoja anayeokota mbwa waliotupwa na kuwalea uani kwake. Alimhoji Kiprono kuliko ulivyomhoji alipokuja kunichumbia. Mtamfunga mnyororo? Mkisafiri atabaki na nani? Kiprono alijibu huku akitoa jasho, kama siku ile.

Kulikuwa na watoto watano wa mbwa. Mmoja akaja akaketi juu ya kiatu cha Chebet, akakataa kuondoka. Sikio moja limesimama, lingine limelala. Mwili mrefu, miguu mifupi, rangi ya chai iliyokolea. Alikuwa ameokotwa kwenye mtaro, ndani ya gunia.

"Ni mbwa wa aina gani?" Chebet akauliza.

"Ni mchanganyiko. Mama yake nadhani ni wa kienyeji, baba yake hatumjui."

"Mimi pia ni mchanganyiko," Chebet akamwambia yule mbwa. "Mkikuyu na Mkalenjin."

Unakumbuka ulivyosumbuka kabla ya harusi yetu, ukiuliza mtoto atakuwa wa wapi? Ungemsikia akijitambulisha bila wasiwasi wowote, ungecheka.

Mama hakucheka. "Mmeniletea panya," alisema. "Alale nje. Na asikanyage jikoni kwangu." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu mazishi.

Jumatano yake nilikuwa kazini mjini mvua ikanyesha vibaya. Nilipofika nyumbani saa kumi nilikuta geti wazi, maharagwe yanaungua jikoni, Mama hayupo. Niliita. Nilimtafuta chooni, shambani, nyuma ya tangi la maji. Nikatoka barabarani nikiuliza kila niliyekutana naye, mpaka mwenye duka akanielekeza upande wa kinu cha mahindi.

Nikamwona anakuja kwenye matope, amevaa gambuti zako, zinamcheza miguuni. Alikuwa amefunga sweta mpaka juu, na kichwa kidogo kinachungulia kifuani pake. Kando yake wanawake wawili wa kanisani, wote watatu wanaongea kwa pamoja.

"Alipitia chini ya ua," aliniambia kabla sijauliza. "Nimemtafuta nyumba kwa nyumba. Kumbe binti wa Mama Njeri aliolewa na hamkuniambia?"

Tulikuwa tumemwambia mara mbili. Nilisimama palepale kwenye mvua nikalia.

"Wewe nawe unalilia nini?" akaniuliza. "Si mbwa amepatikana?"

Siku hizi mbwa analala jikoni, karibu na jiko la makaa, kwa amri ya Mama mwenyewe. Asubuhi Mama huamka mapema kwa ajili yake, na nikiwa kitandani namsikia akimsemesha Kikikuyu, akimpa habari zako: ulivyokunywa chai bila sukari, ulivyokuwa ukikoroma na kukataa katakata. Awali hakuweza hata kulitaja jina lako. Wakati mwingine sauti hukatika katikati, halafu anaendelea. Nilikuwa nikidhani siku tutakayocheka tena nyumbani humu, tutakuwa tumeanza kukusahau. Nilikosea, Baba. Tunakutaja sasa kuliko zamani.

Kesho tunampeleka mbwa mjini kuchanjwa, na Chebet hajatulia tangu asubuhi. Kiprono alijitolea kumbeba, Mama akakataa. Ameshapiga pasi rinda lake la kanisani, na nimemsikia akimwagiza mjukuu wake: "Daktari akiuliza mbwa ni wa nani, mwambie ni wa shosho."

Pumzika vizuri, Baba. Acha nikapike, wanasikia njaa wote.

Kitindamimba wako