Doa la Milimita Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kupigwa picha ya tumbo kwa ajili ya vijiwe vya nyongo. Mpiga picha alikuwa anaongea bila kituo – kuku wa jirani yake, mvua, goti lake. Akafika upande wa kulia, chini ya mbavu. Akabaki na amri tu: Vuta pumzi. Shikilia. Achia. Akarudia pale pale mara nne. Akatoka, akarudi na mwenzake, wakasimama wanatazama kioo kama watu waliofungua barua isiyo yao.

Nikauliza kuna nini. Daktari atakueleza, akasema. Habari za kuku hazikuendelea.

Jumanne, 4 Machi

Majibu. Nimeyasoma kama ninavyosoma prufu kule kiwanda cha uchapaji, herufi kwa herufi, kidole chini ya mstari. Vijiwe vitatu. Sawa. Kisha: "Doa moja kwenye ini, upande wa kulia, milimita 17. Asili yake haijabainika."

Miaka kumi na tano nasahihisha maandishi ya watu. Sentensi inayoficha naijua. Nani hajabainisha? Kwa nini hajabainisha?

Mume wangu naye kasoma. Jioni kaosha vyombo. Vyote, hata sufuria iliyoungua. Mtu huyu ananificha kitu, au keshaniweka kwenye hesabu ya marehemu.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa ini. Mama mfupi, sauti ya chini, hana haraka – na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Unakunywa pombe? Umewahi kuongezewa damu? Nani kwenu aliugua ini? Hakuna, nikasema.

Akaeleza. Doa kama hili kwa mtu mwenye ini zima mara nyingi ni fundo tu la mishipa ya damu, watu wanazeeka nalo. Lakini ini likiwa na makovu, au lina virusi vya homa ya ini, doa lile lile linasomwa kwa jicho jingine. "Siangalii doa peke yake," akasema. "Naangalia limekaa kwenye nyumba gani."

Kisha: mama yako alifariki kwa nini? Malaria. Akaandika. Mimi kazini nimezoea kusoma maandishi yaliyopinduliwa. Mbele ya "malaria" kaweka alama ya kuuliza.

Wametoa damu, chupa tano.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa kaka. Ndiye aliyenilea baada ya mama – yeye wa ishirini, mimi wa tisa. Nimemkuta uani anafungua pampu ya maji. Mama aliugua nini hasa? Hakuinua kichwa. Malaria, si unajua. Nikasema nakumbuka tumbo lake lilivyojaa. Nilidhani ana mimba, nikafurahi, nilikuwa namtaka mdogo wangu. Ni malaria gani ile?

Mtoto wa miaka tisa anakumbuka nini, akasema. Akaniomba spana. Spana alikuwa nayo mkononi.

Wifi kaniletea chai, na kaka vidonge vyake vya presha. Kaniangalia muda mrefu kuliko chai inavyohitaji, akaingia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Hawakusema nguo ipi.

Jumatano, 12 Machi

Ninayo. Homa ya ini, ile ya B. Si ya jana – daktari anasema imekaa miaka mingi, pengine tangu kuzaliwa. Haiambukizi kwa kikombe wala sahani. Ni kwa damu, kitandani, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye virusi huchanjwa siku ile ile. Binti yetu alichanjwa na wenzake, alipofika wiki sita. Ana miaka kumi na moja sasa. Apimwe. Baba yake apimwe.

Katika yote hayo mimi nilisikia moja tu: kitandani. Nimefika nyumbani nimemuuliza mume wangu bila kuzunguka: umeitoa wapi? Akaweka kikombe chini taratibu. Kesho naenda kupimwa, akasema, halafu utaniuliza tena swali hilo.

Ijumaa, 14 Machi

Hana. Na amechomwa chanjo ya kwanza. Kaweka karatasi mezani, akaenda kazini. Nimeisoma mara tatu natafuta kosa. Nimechunguza mpaka mhuri. Aibu ilinishika, na bado nikaendelea kuchunguza.

Binti katolewa damu. Kauliza kama ana ugonjwa wangu. Nimesema hatujui. Ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizosikia wiki hii.

Mchana, ile mashine ya mviringo. Wanakuchoma dawa mshipani ili picha ionekane. Joto likanipita mwili mzima, nikadhani nimejikojolea. Sikujikojolea. Nilihakikisha.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari kanieleza picha. Doa limemeza dawa upesi kuliko ini linalolizunguka. Hilo halimfurahishi. Lakini halikuitema upesi. Lingeitema, tungekuwa na mazungumzo mengine. Wana madaraja matano: la kwanza, hakika si saratani, la tano, hakika ni yenyewe. Langu la tatu.

Kwa hiyo hujui, nikasema.

"Najua kiasi. Tatu si jibu la kukutuliza, wala si la kukuzika."

Alhamisi kipimo kingine, cha sumaku. Huenda kikaisogeza namba, juu au chini. Kisipoisogeza, tutapiga picha tena baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza kama ananiambia yote. Akanigeuzia kioo. Weusi na weupe. Angeweza kunionyesha picha ya mwezi ningeitikia.

Nimempigia kaka simu. Daktari anataka na wewe upimwe. Nitakwenda, akajibu, haraka mno – mtu ambaye kung'oa jino kulimchukua mwaka. Nikasema picha wameiona, bado hawana hakika. Akauliza: wamekupa daraja la ngapi?

Sikuwa nimemtajia madaraja.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika hapa kwenye benchi. Kipimo kilikuwa asubuhi, majibu saa tisa. Kaka alisema atanisindikiza, sikukataa. Nilitaka kumtazama.

Kliniki ya ini haina kibao; mimi siku ya kwanza niliuliza watu wawili. Kaka akatangulia. Kushoto, ngazi, mlango wa mwisho. Hakuuliza mtu. Muuguzi wa dirishani akamwona: "Mzee, mbona leo si siku yako?"

Akakaa. Nikanyoosha mkono. Akatoa kadi ya kliniki mfukoni mwa shati, imelika pembe. Tarehe ya kwanza – miaka kumi na tatu iliyopita.

Nikasema, vile vidonge vyako vya presha. Akasema, si vya presha. Wifi anajua? Anajua, alipimwa, akachanjwa. Nilimwapisha asiseme.

Halafu akasema mwenyewe, anatazama sakafu. Mama alikuwa na saratani ya ini. Kabla hajafa alimshika kaka mkono akamwambia watu wasijue, wakijua mtoto huyu – mimi – hataolewa. "Nikangoja uolewe. Ukaolewa, nikaogopa atakuacha. Nikasema ngoja azae kwanza. Ukazaa –"

Hakumaliza. Wala sikumsaidia. Nilikuwa nahesabu. Kumi na tatu ya kadi, kumi na moja ya binti. Miaka miwili alikuwa nayo ya kusema neno moja.

Nilimshuku mume wangu, mpiga picha, daktari, mhuri wa karatasi. Huyu aliyenifundisha kusoma ndiye niliyempita bila kuweka kidole chini ya mstari.

Analia bila sauti. Mikono magotini, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nataka kumpiga. Nataka pia kumuuliza daraja lake la ngapi.

Muuguzi amekuja. Bahasha ni mbili, anasema, yako na ya binti yako. Utaingia peke yako au na ndugu yako?

Nimemwomba dakika moja. Kaka keshasimama, ananingoja niseme.