Cheni Iliyokuwa Ikiruka Korongoni

Mwanangu Kulwa,

Tangu Jumanne chakula hakipiti kooni, kwa ajili ya neno nililokuambia pale korongoni. Nililisema upesi, pikipiki inakwenda, sikupata nafasi ya kulieleza. Leo nimekaa na daftari langu la kisomo nikueleze polepole. Mwandiko utausamehe. Herufi zangu bado zinalala ubavu, na mwalimu amechoka kuniambia niziinue.

Nianzie ulipotuacha, maana sijui kama huko mnapata habari.

Ulikuwa na wiki sita tu ardhini tulipoambiwa tuhame. Tulipangiwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwetu. Nyumba zimepangwa mistari, na bomba la maji tumeahidiwa. Kule kwetu mapaa yalitolewa ili mtu asirudi. Kuta zimebaki, na kuku watatu hatukuwakamata. Nawe tumekuacha pale kando ya korongo, ulipoangukia, ndipo tulipokuzika. Niliuliza kama kaburi nalo lina mahali katika ramani ya kijiji. Yule bwana aliyekuwa akitugawia viwanja akaendelea kuandika.

Na sikukulia, mwanangu. Usidhani nilikuwa na moyo mgumu. Shangazi yako Nyamizi alinishika mkono siku ile, akasema pacha haliliwi, ukimlilia mmoja unamwita na wa pili. Nikayameza machozi yote. Nilikuwa namtazama Doto, nameza.

Doto ndiye aliyeichukua pikipiki. Aliunyoosha usukani, akabadilisha taa, akaanza kazi yako ileile: kwenda stesheni ya Usinge treni inapoleta dawa, na kulirudisha sanduku la dawa kwenye zahanati yetu kwa ile njia ya zamani ya misafara. Njia unaijua, inapita palepale mahameni kwetu, inashuka korongoni na kupanda. Hakuna nyingine ambayo pikipiki inaweza kupita.

Safari ya kwanza cheni ikaruka. Korongoni. Hatukujali, cheni kuruka ni mambo ya kawaida. Safari ya pili ikaruka tena, palepale, hatua chache kutoka kaburini kwako. Ya tatu nikamuuliza iliruka wapi, akanijibu, "Mama, si unajua."

Ilikuwa inaruka pale tu, Kulwa. Maili zote za kutoka Usinge inakaa, ikifika pale inatoka kwenye meno.

Akanunua sproketi mpya ya nyuma, lile gurudumu la meno. Akaikaza cheni, ikaruka. Akailegeza, ikaruka. Akaitia mafuta mpaka suruali zake zote zikawa nyeusi. Watu kijijini wakaanza kumwambia, "Mwenzio anakusimamisha, ungekuwa unampelekea chochote." Wengine walicheka waliposema hivyo, lakini hakuna aliyekubali tena kupanda nyuma yake.

Hayo bado ningeyavumilia. Kilichonitisha ni kwamba alianza kuchelewa. Kurudisha cheni ni kazi ya dakika kumi, wewe mwenyewe ulikuwa unairudisha huku unapiga mluzi. Doto alikuwa anafika jua limekwisha geuka, dawa zimepata moto sandukuni, mganga wa zahanati amenuna. Nikimuuliza ananiambia, "Nilikaa kidogo." Umekaa na nani? "Nimekaa tu, Mama. Pametulia pale. Kuna jogoo anawika." Na siku nyingine, mbele ya uji, aliinua kijiko kwa mkono wa kushoto. Doto, aliyekuwa anakucheka wewe kwa huo mkono wako. Akanywa bakuli zima bila kujua. Nami nikasimama na upawa wangu, nikaona nakuangalia wewe unakunywa uji.

Spana pia akawa anaishika kushoto. Kikohozi chako kile kifupi, kabla ya kuanza kusema, nacho akakichukua. Jirani mmoja akamwamkia kwa jina lako na yeye akaitika.

Nikasema huyu anakwenda. Kila safari anakwenda kidogo.

Basi siku moja nikamwambia alete pikipiki uani, niifute vumbi. Nilitaka tu kuwa karibu nayo. Nikafuta mpaka kwenye ile sproketi mpya, nikaona kitu. Meno yake yalikuwa yanang'aa upande mmoja tu, upande wa ndani. Upande wa nje bado yana rangi ya dukani. Sasa mimi ni mama wa mikeka, injini siijui, lakini mstari ulioliwa upande mmoja naujua. Ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, ukivutwa kutoka pembeni unachakaa hivyohivyo, na mkeka unakwenda upogo, haunyooki hata uukalie. Ulikuwa ukiniambia, "Mayu, mama yangu, jicho lako lingekuwa fundi." Nikamwambia Doto, hii cheni inavutwa kutoka ubavuni. Gurudumu la nyuma limekaa upogo.

Akasema haiwezekani. Akanionyesha zile alama zako mbili, ulizokwaruza kwa msumari huku na huku, kwenye ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu. "Naliweka kwenye alama za Kulwa kila mara. Kulwa hakukosea."

Kweli hukukosea. Ulikwaruza alama zile pikipiki ikiwa nzima. Lakini ulipoanguka nayo, ule mkono mmoja ulijikunja kidogo, kiasi ambacho macho hayaoni. Alama zako zikahama pamoja na chuma. Na ndugu yako, kwa kukupenda, akawa kila safari anaikaza pikipiki iliyopinda kwenye mahali pa pikipiki iliyokufa nawe.

Nikamwambia tupime kwa uzi. Akakataa. Nyamizi naye akaingilia, kazi ya mkono wa pacha haitenguliwi, iacheni. Siku hiyo nilimjibu wifi yangu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia, "Mmoja nimekwisha uachia mchanga. Huyu siziachii alama za msumari."

Tukapima. Doto alikaa kwenye kiti akashika usukani unyooke. Nikauzungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, nikauvuta mpaka la mbele, upande huu na upande huu, chinichini, kama ninavyopima mkeka wa arusi. Upande wa kulia uzi uligusa matairi yote mawili. Upande wa kushoto, pale kwenye tairi la mbele, kidole changu kikapita. Doto alishuka akapitisha na chake. Akakipitisha mara nyingi, Kulwa, hakuna tena cha kupima na bado anakipitisha. Kisha akaketi chini mchangani akalia, na mimi nikalia, mbele ya Nyamizi, na Nyamizi akaenda kutazama moto.

Tulilegeza nati. Upande mmoja tukausogeza mbele kama punje mbili za mchele, tukapima tena, tukasogeza nusu punje. Akaangalia cheni kutoka nyuma kwa jicho moja, akasema imenyooka. Tukalizungusha gurudumu kwa mkono. Ule mlio wake wa tik, tik, tuliokuwa tumeuzoea, haukuwapo. Alama zako hatukuzifuta. Ziko palepale, ila gurudumu halikai tena juu yake.

Jumanne nikapanda nyuma. Alinikataza, nikamwambia mwenye macho ya mkeka ni mimi, nataka kuona. Tulikwenda Usinge salama, na pale korongoni wakati wa kwenda hakuna kilichotokea. Nikafurahi mapema.

Kurudi ilikuwa adhuhuri. Unaijua adhuhuri ya pale, miombo haitingishiki na kivuli kimekukimbilia miguuni. Sanduku la dawa nilikuwa nimelipakata, kwa hiyo nyuma yangu hapakuwa na kitu ila kipande cha chuma kitupu. Tulipozipita kuta za nyumba yetu jogoo akawika. Sikumwona. Doto akapunguza mwendo, na cheni ilikuwa nzima, naisikia chini yangu inakwenda vizuri. Hapakuwa na sababu ya kupunguza. Akaiangalia ile sehemu yako, mguu wake umeanza kutafuta ardhi.

Hapo mgongo wangu ukapata joto. Si joto la jua, jua lilikuwa utosini. Lilikuwa joto kama la mtu aliyekaa karibu, na pikipiki ikabonyea kidogo nyuma, vile inavyobonyea mtu wa tatu akipanda. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka sitakuwa na nguvu za kusema. Nikasema, "Kulwa, shuka. Mwache mwenzio apite."

Ndilo neno hilo.

Tukashuka korongoni, tukapanda. Cheni haikuruka. Tulipofika juu, Doto akaniita bila kugeuza kichwa, sauti yake ina woga, "Mama, umeshuka? Mbona imekuwa nyepesi?" Nikamwambia nipo, endesha. Nikamshika kiuno mpaka kijijini.

Tangu siku hiyo anarudi mapema. Kijiko amekirudisha mkono wa kulia. Jana alicheka kwa sauti yake mwenyewe, nikatoka nje nisimwonyeshe uso. Cheni imepona na mtoto amepona, na mama yako hapati usingizi. Nilizaa wawili kwa siku moja, nikamwambia mmoja shuka. Pale ambapo hakuna hata jirani. Wewe uliyekuwa huwezi kula peke yako, ulikuwa unachukua bakuli unakwenda kula mlangoni kwa watu.

Sikukufukuza, Kulwa. Nisikie vizuri. Nilikushusha kwenye pikipiki ya Doto. Kwangu hukushuka.

Doto mwache aende. Ana miaka ishirini na mitatu, ana dawa za watu mgongoni, na kuna binti mmoja kutoka Ziba anayemtaja mara nyingi kuliko anavyodhani. Ukisikia injini inakuja, kaa ulipo, iache ipite hadi isisikike.

Lakini Ijumaa nitakuja mimi, kwa miguu, nitoke alfajiri. Nitakuja na mkeka na chakula cha watu wawili, tukae mpaka jua ligeuke. Na Ijumaa nyingine vilevile, miguu ikiniruhusu, na isiponiruhusu nitaanza Alhamisi. Usimwite mtu mwingine. Mwenye kukaa nawe yupo, naye hana haraka ya kufika popote.

Kwaheri mpaka Ijumaa, mwanangu.

Mimi mama yako.