Neno Nililompa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Kuanzia leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Hasa hayo.

Mwalimu wa Kiingereza amegawa vikaratasi, kila mtu na neno lake. Jirani yangu wa dawati kapata "brave". Mimi — "parsimonious"! Kulitamka ni kama kutafuna kokoto. Maana yake bahili, lakini si bahili wa hivi hivi. Mwalimu anasema mchoyo hukunyima chake akala mwenyewe; huyu hujinyima hata yeye. Tena ni neno la kuandika, tusimwite mtu hivyo usoni. Kazi: sentensi moja kuhusu mtu tunayemjua kweli. Zitakazoshinda zitasomwa Jumatatu ijayo, siku ya wazazi.

Mtu ninayemjua kweli! Naishi naye.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika kuhusu Shangazi, dada yake Baba, aliyenilea tangu nina miaka minne. Ni fundi cherehani. Dawa ya meno ikiisha, hupasua tyubu kwa mkasi. Chakula kikishapakuliwa, huzima taa: "Mkono unaujua mdomo ulipo." Fundi viatu wa mlango wa pili anasema Shangazi akifiwa hulia kwa jicho moja, la pili akiba.

Sentensi yangu, nikiitoa kwenye Kiingereza: shangazi yangu ni parsimonious hata hutuzimia taa tukila, tusije tukaula na mwanga.

Darasa zima hoi! Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani. Nilijiona nimerefuka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda! Nikakimbia moja kwa moja hadi dukani anakoshonea Shangazi, nikamsomea. Akauliza sentensi inamhusu nani. Nikasema, wewe. Akaacha kukanyaga cherehani.

Shangazi hajui Kiingereza. Alilolishika ni lile neno kubwa tu, akauliza lina maana gani. Nikasema: mtu anayetunza vitu. Si uongo kabisa — ni ukweli uliopunguzwa kiuno.

Akatabasamu. Maisha yake yote watu wanamwita mkono wa birika, akasema, kumbe kwenye Kiingereza ana jina la heshima!

Jumamosi, 9 Machi

Mambo yameharibika. Shangazi ameniambia nimwandikie sentensi kwa herufi kubwa. Anaidarizi kwenye kitambaa cheupe, aende nacho shuleni. Na kwa uzi gani? Ule mwekundu wa hariri! Anao kwenye kopo tangu kabla sijazaliwa. Bibi harusi mmoja aliulilia, akanyimwa. Leo kaukata bila kupima. Sijawahi kumwona akikata kitu bila kupima.

Fundi viatu kachungulia. "Leo jua limetokea wapi?"

"Kaa mbali, wewe na mikono yako ya gundi," Shangazi akamwambia. "Hiki ni Kiingereza." Kisha akamtamkia polepole: "Pa-si-mo-ni-asi."

Mimi huyo chini ya meza, natafuta sindano isiyopotea.

Jumapili, 10 Machi, mchana

Kitambaa kimekwisha. Hakuna herufi iliyopinda. Kesho anataka asimame mwenyewe mbele ya wazazi wote aisome. Ameshaalika wateja watatu. Wazazi wanaojua Kiingereza wapo tele. Watacheka kama darasa lilivyocheka, naye atadhani wanamshangilia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza akasema nisimsumbue, yuko kwenye mazoezi. Mara ya pili akanitangulia: akauliza kama matamshi yake yatanitia aibu.

Nikasema hapana. Nikatoka nje.

Nimemwandikia Mwalimu barua. Jirani yangu wa dawati anakaa mkabala na kwake, ataipeleka sasa hivi. Nainakili:

"Mwalimu, shikamoo. Samahani kukusumbua Jumapili. Aliyeleta barua hii anasubiri jibu mlangoni kwako, nami namsubiri yeye. Ulitufundisha kwamba sentensi inayotumia neno mahali pasipofaa ni kosa, hata kama imechekesha, na sentensi yenye kosa haisomwi mbele ya watu. Kwa hiyo nauliza. Mtu akiwa na uzi aliowanyima wote miaka yote, hata mwenyewe asiutumie, kisha akaukata bila kupima kwa ajili ya sentensi ya mtoto ambaye hata hakumzaa — lile neno bado linamfaa?"