Njia ya Theluji Niliyoifagia

Yaya Furaha, dada yangu,

Mmeamkaje Albert Park? Huko Durban mnalalamikia baridi na bado mnaoga baharini. Huku milimani, eish, hata sabuni ya maji inaganda!

Asubuhi yangu ya kwanza kazini hapa hotelini niliamka kabla ya wageni, nikakuta theluji imefunika njia ya kwenda mlimani. Nikachukua ufagio. Nilifagia mpaka udongo ukaonekana, ukabaki na mistari safi kama uwanja wetu kule Uvira, maana Mama hakutaka mgeni akute uchafu.

Kumbe ndiyo njia ya wageni kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni! Theluji yenyewe ni haba, na wageni wametoka mbali kuifuata.

Bosi aliitazama, akaniuliza polepole, “Nani alikutuma?”

Nikajibu, “Mama yangu.”

Akadhani naye anafanya kazi hapa, akaingia jikoni kumtafuta. Yaya, miaka yote hii tangu tumzike, nilisimama na ufagio wangu nikiutazama ule mlango, kana kwamba kweli Mama atatoka.

Theluji niliirudisha kwa koleo, na kazi bado ninayo. Wakumbatie watoto. Kesho ukifagia mlangoni, fagia na upande wangu.

Mdogo wako,
Bahati