Kiwavi wa Eliza

Alhamisi, 12 Desemba
Nimefagia uwanja, nimeteka maji. Mndimu wa nyuma ya jiko umeliwa tena. Viwavi. Wadogo, weusi, baka jeupe mgongoni. Ukiwaona upesi utadhani ndege amejisaidia juu ya jani. Nimewapukuta nikawatupia kuku. Kuku wamedonoa mmoja wakamtema. Nikawaponda kwa kandambili. Mjukuu wangu Eliza amemficha mmoja aliyebaki. Nimemwachia. Mwaka haujaisha tangu tumzike mama yake, sina nguvu ya kugombana na mtoto wa miaka minane.

Jumapili, 15 Desemba
Baada ya ibada kaka yangu amepita hapa Chiungutwa. Baba yake Eliza ameoa huko Newala, anamtaka mwanawe shule zikifunguliwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka yangu ndiye mwenye kauli. Nilimtegemea yeye. Kumbe ameshakubali. Nimekasirika, hata chai sikumpa.

Ijumaa, 20 Desemba
Kiwavi amejivua ngozi. Sasa ni wa kijani, ana mikanda ya kahawia, mnene kama kidole changu cha mwisho. Akiguswa anachomoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa, zinanuka ndimu iliyooza.
"Bibi, kakasirika kama wewe," Eliza ananiambia.
Nimecheka. Kisha nimeingia ndani nikalia.

Ijumaa, 27 Desemba
Krismasi imepita. Pilau nyingi imebaki. Kiwavi ameacha kula, akajifunga kwenye kijiti cha mndimu kwa uzi mmoja mwembamba, na leo ni pupa. Hasogei. Maisha yangu yote ya ualimu nimechora ubaoni yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na mishale ya kuzunguka. Sikuwahi kukaa nikamtazama hata mmoja. Eliza anamtazama kutwa nzima, nami namtazama Eliza.

Jumamosi, 11 Januari
Wamekwenda.
Baba Eliza alikuja na pikipiki. Shikamoo mama. Marahaba, basi. Mtoto akagoma kupanda mpaka kipepeo atoke. Baba yake akataka kukata kijiti waondoke nacho. Eliza akakataa, eti pupa akitikiswa kipepeo atatoka na bawa bovu. Ndipo baba yake akaahidi mbele yangu: pupa akianza kuwa mweusi nimpigie simu, atamleta aone. Mtoto akapanda.
Majirani wananiambia Newala si Ulaya. Najua. Kitanda chake sijakigusa.

Jumatatu, 13 Januari
Pupa amekuwa mweusi. Madoa ya njano yanaonekana kwa ndani. Nimempigia Baba Eliza. Leo shule zimefunguliwa, mama, siwezi kumtoa siku ya kwanza. Anasema kweli. Nimemchukia hivyo hivyo.

Jumanne, 14 Januari
Ametoka asubuhi. Mabawa yalikuwa yamekunjamana, mabichi, kama khanga iliyotoka kukamuliwa. Akaning'inia mpaka yakanyooka. Mweusi, madoa ya njano iliyopauka, na doa jekundu kama jicho kwenye kila bawa la nyuma. Hana mkia. Nilikaa naye kwenye kigoda, uji ukaungua. Akarukia maua ya uwanjani, kisha akapanda juu ya mikorosho, akapotea.
Mzuri sana. Nilitamani asitoke.

Alhamisi, 16 Januari
Eliza amepiga kwa simu ya baba yake. Shikamoo bibi, katoka? Kwa pumzi moja.
Nikamwambia bado.
Akafurahi. Nikamsikia anamwambia baba yake: bado, baba, tutakwenda.
Jioni nimepekua mndimu jani kwa jani, natafuta yai la kipepeo. Ni kitone cha njano tu, kidogo kuliko punje ya mtama. Sikuona. Kesho nitakwenda kwa jirani, naye ana mndimu.