Lakini Zako, Baba Flora

Newala

Mume wangu Baba Flora,

Huku hatujambo. Kuku wa Flora ametotoa, na maji ya tangi yanaelekea kwisha.

Jana kwenye simu ulisema umenikumbuka, lakini kupulizia mikorosho huko Chiungutwa hakujaisha. Wiki iliyopita ulitaka kuja, lakini pampu ikaharibika. Siku hizi nikikusikiliza, naanzia kwenye lakini.

Nguo za kazi ulizompa Nurdin wa bodaboda azilete nizifue, zimefika. Hazinuki salfa ya kupulizia mikorosho hata kidogo, tena zimepigwa pasi. Nadhani huyo aliyezipiga alitaka nimjue.

Flora anakusalimu sana. Nami nakupenda, mume wangu, lakini kitasa cha mlango nimeshabadilisha.

Ni mimi,
Mama Flora