Simtesi Mtoto wa Watu

Kangle, Guangzhou
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana imetoka mbali na imepanda ndege bila tiketi. Vipi goti? Vipi presha? Yule daktari wa vidonge vyekundu umemrudia, au umeanza tena kumeza siku unayojisikia? Mimi ni mzima, mashavu yamejaa, na joto la huku ni lile lile la kwetu isipokuwa halina adabu ya kupungua jioni. Chumba ni kile kile, juu ya mafundi cherehani. Vyerehani vinanguruma kutwa, na vikinyamaza siku ya sikukuu ndiyo naumwa kichwa.

Nimeandika, sikupiga simu, kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Bi Mwajuma wa vitenge anarudi Dar Jumatano, nimemkabidhi bahasha. Asha mdogo wangu atakusomea. Na wewe Asha, soma kama ilivyo, usiongeze chumvi, chumvi nimeshatia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kesi. Kumbe Shomari, mtoto wa Bi Zuhura jirani, alipokuja kuchukua mzigo wake wa viatu alinipiga picha kwa kificho. Mimi natembea mbele, mikono mfukoni kama waziri, nyuma yangu Mzungu mrefu anasukuma mkokoteni wa marobota huku anapiga kelele. Picha ikafika Tandika kabla ya Shomari mwenyewe. Mtaa mzima mkasema Musa ameajiri Mzungu! Mama, nikiri, habari hiyo ilinipendeza. Niliifungua sauti uliyonitumia mbele ya rafiki zangu Wakongo, wakapiga makofi. Umefoka, umefoka, halafu mwishoni ukasema polepole, "Ana mama yake huyo, Musa." Hapo nikakaa chini.

Simtesi mtoto wa watu, Mama. Nisikilize.

Anaitwa Rubeni, ni Mhispania, ana miaka ishirini na mmoja, na kazi yake ni mpira. Ni beki wa kati. Najua mpira huujui, kwa hiyo nikueleze kwa lugha yako: beki ni wewe siku ya shughuli, umesimama mlangoni na kanga mbili, unajua nani kaja na mchango wake na nani kaja kula tu, na huyo wa pili hapiti. Jezi yake ni namba tatu. Asha, najua umeshaanza kucheka. Ndiyo, beki tatu. Nilimweleza kwamba kwetu beki tatu ni dada wa kazi za ndani. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa tu. Na mimi uwanjani nafagia makosa ya wengine."

Nilimkuta Zhanxi, kwenye maduka ya viatu, kwa Dada Mei, ambaye mimi ni mteja wake wa miaka. Alikuwa anataka kiatu cha mguu wake, mguu kama mtumbwi, na muuzaji jirani anamwambia hakuna, hakuna, halafu anamtolea kibovu kwa bei ya kumvua shati. Nikaingia kati. Nikamwambia, "Amigo! Tranquilo!", yaani rafiki, tulia. Hayo ndiyo maneno yangu yote ya Kihispania, ukiondoa gol na penalti, lakini niliyasema kwa kifua akaamini nimezaliwa huko. Kiatu kikapatikana kwa Dada Mei, bei ya wenyeji. Tokea hapo hakuniacha. Tunaongea Kiingereza. Cha kwake kibovu huku, cha kwangu kibovu kule, tukiviunganisha tunafika.

Siku moja alinisimulia maisha yake tukinywa chai. Alichukuliwa na timu kubwa ya kwao akiwa na miaka tisa. Kumi na miwili akaanza kulala bweni la timu, mbali na mama yake. Kila mwaka ligi ikiisha, watoto wanaitwa ofisini mmoja mmoja, anaambiwa unabaki au unakwenda. Alibaki, alibaki, alibaki. Alipofika kumi na minane akaitwa, akaambiwa asante. Mama, mtoto hajui kupika wala kufua, hajui kitu duniani ila kuzuia mpira, anaambiwa asante! Akaenda timu ndogo, uwanja uko nyuma ya kiwanda cha mafuta ya zeituni. Goti likamsumbua, wewe unayajua magoti. Akapelekwa timu nyingine kwa mkopo, huko nako akakaa benchi. Mwisho wakala wake akamtafutia majaribio ya mwezi mmoja huku Guangzhou, timu ya daraja la pili. Wakimpenda, anasaini. Wasipompenda, anarudi kwao kuuza vigae dukani kwa mjomba wake. "Hapa ndiyo mwisho, Musa," akaniambia, "sitajaribu tena." Macho yake yalikuwa kwenye kikombe.

Nikaenda mazoezini kumtazama. Mwanao naingia popote, mlinzi wa geti nilimsalimia tu kama namjua. Na kweli, huyo mtoto ni ukuta. Miguu ipo, kichwa kipo, anausoma mpira kabla haujaja. Kasoro moja: kimya! Anakimbia kama yuko kwenye mtihani. Kocha wao, mzee Liang, alimwambia kupitia mkalimani wa timu, "Beki bubu simtaki. Beki ndiye anayewapanga wenzake. Wewe unawapanga kwa macho?" Na mkalimani haruhusiwi kuingia uwanjani, na wenzake hawajui hata yes.

Nikamwambia, acha presha, mwalimu umempata. Mimi nina miaka tisa hapa. Nimewazungusha wafanyabiashara wa kutoka Dar, Unguja mpaka Lubumbashi, na hakuna aliyepigwa bei nikiwa pembeni. Kichina nimekinywa kama uji.

Nikampa maneno ya sokoni. Kuna "wo de", yaani yangu. Muuzaji akitaka kukupokonya begi, unasema wo de. Basi mpira ukija juu, piga kelele wo de, wenzako wakupishe. Kuna "bu yao", sitaki. Mwenzako akitaka kugusa mpira unaotoka nje, mwambie bu yao. Na kumzoesha sauti nikampeleka Zhanxi na barabara ya Guangyuan Xilu, nikamwazimia mkokoteni kwa wapagazi, nikamwambia, sukuma, na usipopiga kelele hakuna atakayekupisha. Hiyo ndiyo picha ya Shomari. Siku ya kwanza alinong'ona, akagonga kisigino cha mama mmoja, akatukanwa vizuri. Siku ya tatu anaunguruma, watu wanabana ukutani. Wapagazi wakampenda, wakimwona tu wanamwita "Laoban!", yaani bosi, kwa utani.

Likabaki neno moja. Yupo beki wa kulia, kijana anaitwa Chen, ana mbio lakini akipanda mbele anasahau nyumbani. Rubeni akaniuliza, "Nimwiteje arudi?" Nikamjibu palepale, sikufikiri hata kidogo: "Gei ni!"

Mama, huku ukipatana bei na muuzaji akigoma, unageuza mgongo unaondoka. Hatua ya tatu, ya nne, unasikia nyuma yako, "Gei ni! Gei ni!" Unarudi, unachukua mzigo wako. Miaka tisa nimeitwa hivyo na miaka tisa nimerudi. Sasa kama si "rudi" ni nini?

Ikaja mechi ya kirafiki. Mimi niko jukwaani na miwani ya jua, nimewaambia watu wote walionizunguka kuwa yule ni mwanafunzi wangu. Chen akapanda mbele, mpira ukapotea. Rubeni akavuta pumzi, akapiga ukelele wa Zhanxi: "Gei ni! Gei ni!" Chen akageuka, akasimama, akafungua mikono, anasubiri. Anasubiri nini? Adui akapita kwenye njia aliyoiacha wazi kama anakwenda kuswali, bao. Haikupita muda, tena: "Gei ni!" Tena Chen kasimama, mikono wazi. Bao la pili. Benchi zima limelala kwa kucheka, ila mzee Liang. Rubeni akatolewa hata mapumziko hayajafika.

Akaja kwangu na jasho lake. "Musa, gei ni maana yake nini?"

"Rudi."

"Una hakika?"

Nikamwambia, "Kijana, miaka tisa!"

Nikaenda mbio kwa Dada Mei. Nikamuuliza. Akasema, "Gei ni? Nakupa! Haya chukua!"

"Sasa mbona ukisema hivyo mimi narudi?"

"Unarudi kwa sababu nimekubali bei yako, wewe kichwa maji!" Akacheka akashika kaunta, akawaita wenzake wa mstari mzima, wapagazi wakatua mizigo ili wacheke vizuri. Kwa hiyo, Mama, yule mtoto alikuwa anamwambia Chen "nakupa, chukua", na mwenzake anasubiri apewe mpira ambao hawana!

Sikucheka. Nilipita njia nzima naona duka la vigae.

Asubuhi nikaenda kwa mzee Liang. Geti lile lile, lakini safari hii sikujifanya mtu. Nikamwambia kwa Kichina changu, "Kocha, kosa si la mtoto. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilidhani najua." Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Uko China miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na gei ni ni rudi?"

"Mimi nikiisikia narudi, kocha."

Midomo yake ikaanza kucheza. Akamwita mkalimani, akaniambia nirudie, nikarudia. Akawaita wachezaji, nikarudia tena, na nikawaigizia: hivi naondoka na mabega yangu, hivi naitwa, hivi nageuka. Chen alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kumbe na mama yake mzazi ana kibanda cha nguo sokoni. Mzee Liang akafuta macho, akasema, "Kichina chako kinafaa kununulia, hakifai kuzuia. Mwambie Mhispania acheze Jumamosi. Nusu moja. Nikisikia sauti yake, na wenzake wakimwelewa, tutazungumza."

Rubeni nilimwomba radhi mbele ya Dada Mei, na Dada Mei akamfundisha neno lenyewe la "rudi", "huilai". Alilisema wiki nzima, akila huilai, akifunga kamba za viatu huilai.

Jumamosi, Mama, sikuvaa miwani. Dakika za mwanzo alisema vizuri, wo de, bu yao, huilai, mstari wa mabeki unapanda na kushuka kama pazia. Halafu ikaja hatari yenyewe. Chen yuko mbele kabisa, mpira umepotea, straika wao anakuja mbio, na mtoto kwa kiwewe neno likamponyoka. Kinywa kikarudi kule kilikofundishwa kwanza: "Gei niiii!"

Nikafumba macho. Nilipofumbua, Chen anarudi! Anarudi mbio, huku anacheka! Na straika wa watu, aliyeambiwa "nakupa", amepunguza mwendo nusu hatua anashangaa anapewa nini. Nusu hiyo hiyo Rubeni akauchomoa mpira miguuni mwake kama mtu anayechukua kijiko mezani. Mzee Liang akageuka jukwaani, akanitafuta kwa macho, akatikisa kichwa. Nusu ya pili hakumtoa.

Jumatatu amesaini, mpaka mwisho wa msimu. Alimpigia mama yake hapo hapo nje ya ofisi, sikuelewa kitu, ila kilio cha mama hakihitaji mkalimani. Na kabla hajakata akanipa simu. Yule mama akasema maneno mengi, mimi nikajibu, "Sí, Mama. Sí, Mama," yaani ndiyo, ndiyo. Kwa hiyo utulie. Mama yake ananijua, na anakusalimu.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, mwambie breki alizoagiza ziko kwenye mzigo wa Bi Mwajuma. Shangazi wa genge, mwambie nyanya za huku ni kubwa lakini hazina ladha, afurahi. Ustadhi wa madrasa, nakumbuka bakora zake kwa heshima. Bi Zuhura mwambie Shomari akija tena anipige picha upande wa kulia, ndio mzuri. Asha, vitambaa vyako vimo, vya bluu.

Kuna jambo moja nimelibakiza, na Asha, hili lisome polepole.

Mkataba wa Rubeni una masomo ya Kichina, saa nane mchana, siku nne kwa wiki. Kaniomba nikae naye, anaona haya peke yake. Mzee Liang amekubali. Kwa hiyo Mama, yule aliyeruka ukuta wa sekondari kidato cha pili, na wewe ukarudi nyumbani na sare mpya mkononi ambayo haikuvaliwa, sasa anakaa darasani, dawati la mbele, na daftari lenye mistari. Mwalimu ni binti mdogo kuliko Asha. Akianza anaita majina, na akifika kwangu nasimama naitikia, "Dao." Maana yake nimefika.

Safari hii nimeuliza kwanza.

Mwanao akupendaye,
Musa